Kansa ya Uume: Kidonda Ambacho Wanaume Hukificha



Katika kurasa kama hizi tumezoea kuzungumza juu ya mbuzi wa maziwa, matangi ya maji na mikopo ya kikundi. Leo tunaleta jambo ambalo halitajwi mkutanoni, na hata nyumbani kati ya bwana na bibi halitajwi. Ni kansa ya uume, yaani saratani inayoshika kiungo cha mwanamume. Kama wewe ndiye unayewasomea wenzako kwa sauti na kuna watoto wadogo hapo karibu, watume kwanza wakachote maji. Lakini tafadhali usiruke ukurasa.

Tuchukue mfano. Mzee mmoja wa miaka hamsini na minane hivi, tumwite Baba Wanjiru, ana shamba dogo la kahawa upande wa juu wa Thika. Siku moja akioga anaona kidonda kidogo kwenye kichwa cha uume. Hakiumi. Kwa sababu hakiumi, anasema kitapona chenyewe. Mwezi unaisha. Anashuka mjini kwa duka la dawa, anamnong'onezea kijana aliye kaunta, anapewa vidonge vya kisonono. Hakiponi. Mahali pengine anadungwa sindano ya kaswende. Hakiponi. Anapaka mitishamba. Sasa ameanza kulala chumba kingine, akimwambia Mama Wanjiru eti ni mgongo unamsumbua. Mama Wanjiru naye anaamini mzee amepata mwanamke mwingine huko Ruiru. Mwaka unaisha hivyo. Kidonda kimeanza kunuka, na kwenye kinena kumetokea uvimbe mgumu, mtoki.

Anapofika hospitali, daktari anamwuliza, "Mzee, hii kitu imekuwa tangu lini?"

Naye anajibu, "Wiki mbili tu, daktari."

Mfano huu tumeutunga, lakini madaktari wa ugonjwa huu katika nchi nyingi wanasimulia habari ya namna hiyo hiyo: wagonjwa wengi hukawia miezi, na wengine zaidi ya mwaka mzima, kabla ya kumwonyesha mtu. Na hapo ndipo penye hatari yenyewe. Kidonda cha Baba Wanjiru cha mwezi wa kwanza na kile cha mwaka mmoja baadaye ni ugonjwa ule ule, lakini mgonjwa wa kwanza anaweza kupona na kurudi shambani akiwa mzima, na wa pili anapigania maisha yake.

Ni ugonjwa wa namna gani

Kwa wagonjwa karibu 95 katika kila 100, kansa hii huanza katika chembe za ngozi, ile inayofunika kichwa cha uume au upande wa ndani wa govi. Huanza polepole. Baadaye hupenya chini ya ngozi, halafu huenda kwa zile tezi ndogo za kinena, kutoka hapo ikaingia ndani ya nyonga, na mwishowe mapafu, ini na mifupa. Kumbuka njia hiyo ya kinena, tutairudia.

Tuseme ukweli pia kwamba ni ugonjwa wa nadra. Mwaka wa 2020 ilikadiriwa kwamba ulimwenguni kote wanaume kama 36,000 waliupata na kama 13,000 wakafa nao. Kansa ya tezi dume mwaka huo huo ilishika zaidi ya milioni moja na laki nne. Kwa hivyo asije mtu akalala macho kwa sababu ya kipele. Tunaandika juu yake kwa sababu ukiwahiwa unatibika, na kwa sababu, kama mtakavyoona, unahusiana na ugonjwa unaoua akina mama wengi hapa Kenya.

Wala si ugonjwa wa wazungu. Yule Profesa George Magoha ambaye wengi wetu tulimjua kama waziri wa elimu mwenye maneno makali, na ambaye alifariki Januari 2023, kwanza alikuwa daktari mpasuaji wa magonjwa ya njia ya mkojo. Mwaka wa 1995 yeye na mwenzake, Kaale, waliandika katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki juu ya kansa hii jinsi ilivyoonekana katika Hospitali Kuu ya Kenyatta. Na kabla yao, mwaka wa 1963, madaktari Dodge na Linsell walikuwa wameandika juu ya wagonjwa wa Uganda na Kenya. Miaka hiyo, Uganda ilijulikana kuwa mahali ambapo kansa hii ilionekana kwa wingi sana, ikahesabiwa pamoja na kansa zinazoshika wanaume zaidi ya zingine.

"Sisi tumetahiriwa, haituhusu"

Hili ndilo jibu utakalopewa na wanaume wengi wa Kiambu na Murang'a, na kwa kweli lina msingi. Kansa hii huwapata zaidi wanaume wenye govi, hasa govi linalobana lisiloweza kurudi nyuma. Chini yake hujikusanya uchafu mweupe, mkojo hubaki, ngozi huwashwa na kuvimba mara kwa mara, na baada ya miaka mingi ya kuwashwa hivyo chembe zinaweza kuharibika. Kwa watu wanaotahiri watoto wachanga, kwa mfano Wayahudi, ugonjwa huu hauonekani ila mara chache sana.

Lakini sisi hatutahiri wachanga. Kijana wa kwetu hutahiriwa akimaliza shule ya msingi, miaka kumi na tatu, kumi na nne. Tohara ya umri huo inasaidia, lakini haikingi kama ile ya utotoni, na ikiwa govi lilikuwa limebana na kuvimba tangu zamani, kinga ni ndogo zaidi. Halafu kuna wazee wetu waliotahiriwa kwa mila ya zamani, wakaachiwa kile kipande cha ngozi kinachoning'inia, ngwati. Chini ya ngwati panahitaji kuoshwa sawasawa na chini ya govi, na vijana wa siku hizi wanaowaogesha babu zao wagonjwa mara nyingi hawajui hivyo.

Na Thika na Ruiru ni miji ya watu wote. Ukienda Makongeni au Githurai Kimbo, utakuta jirani anatoka Nyanza, mwingine Turkana, mwingine Teso, na si kila mmoja kwao hutahiriwa. Katika kikundi chenye watu kama hao, mzaha wa "kihii" hufunga mdomo wa mtu ambaye angeuliza swali. Tuuache. Tangu 2008 serikali imekuwa na mpango wa tohara ya hiari, ulioanza Nyanza baada ya utafiti uliofanywa Kisumu kutangazwa 2007, ukionyesha kwamba tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa virusi vya ukimwi na mwanamke, kwa kiasi cha karibu asilimia 60. Mtu mzima mwenye govi linalobana anaweza kutahiriwa hospitali kwa umri wowote, haidhuru ana wajukuu. Haitamkinga kama mtoto, lakini ataweza kujiosha, na daktari ataweza kuona kilicho chini.

Jambo la pili la hatari ni virusi vya papiloma, ambavyo kwa kifupi huitwa HPV. Hivi huambukizwa kwa kujamiiana, na watu wengi huvipata bila kujua kisha mwili ukavifukuza. Vikikaa miaka mingi vinaweza kuleta kansa. Karibu nusu ya kansa za uume zina virusi hivi. Na hivi ndivyo vinavyoleta kansa ya mlango wa kizazi, ambayo kila mwaka hushika akina mama zaidi ya 5,000 hapa Kenya na kuua zaidi ya 3,000. Kwa hivyo Mama Wanjiru naye anafaa kupimwa. Mume akipatikana na kansa ya uume, mke asiulizwe maswali ya lawama. Apelekwe kliniki apimwe mlango wa kizazi, jambo ambalo ni la dakika chache na wala halihitaji kulazwa. Tangu Oktoba 2019 wasichana wa Kenya kuanzia miaka kumi wamekuwa wakichanjwa dhidi ya virusi hivi. Mama mwenye msichana wa umri huo na hajachanjwa, ulizia zahanati iliyo karibu. Kadiri wasichana wengi wanavyochanjwa ndivyo virusi vinavyopungua kwa wavulana pia.

Ya tatu ni tumbaku. Watu hushangaa: moshi unaingia kifuani, unafikaje huko chini? Sumu ya sigara huingia katika damu, na damu hufika kila mahali. Mvutaji yuko katika hatari kubwa kuliko asiyevuta. Zaidi ya hayo kuna kinga ya mwili iliyopungua, kama kwa mtu mwenye virusi vya ukimwi asiyetumia dawa. Kuna vinyama vya sehemu za siri vinavyofanana na chunjua. Na kuna ugonjwa mmoja wa ngozi ambao huifanya iwe nyeupe na ngumu, ikakunjamana kama karatasi. Umri nao umo. Wagonjwa wengi wamepita miaka hamsini, ingawa wa thelathini na arobaini wapo.

Hakuna mahali tumetaja laana, wala thahu, wala kurogwa. Wala si lazima mgonjwa awe alikuwa mzinzi. Mtu aliyeoa mke mmoja na kukaa naye maisha yake yote anaweza kupata kansa hii kwa sababu ya govi lililobana tu.

Kuhusu usafi, maji na sabuni ya kawaida vinatosha, kila siku. Ndugu zetu wa machimbo ya mawe Juja na Ruiru wanajua vumbi linavyoingia kila mahali. Waoge jioni kabla ya kulala. Mwenye govi alivute nyuma polepole, aoshe, akaushe, alirudishe. Usitumie dawa za kusafishia choo wala sabuni kali ya nguo, zinachoma ngozi. Na kwa mtoto mdogo ambaye hajatahiriwa, mzazi asilazimishe govi kurudi nyuma. Kwa watoto wadogo ni kawaida govi kushikana na kichwa, litaachana lenyewe akikua, na ukililazimisha utamwumiza na kuacha kovu litakaloleta shida. Mjini Kampala ugonjwa huu ulipungua baada ya ile miaka ya zamani, na usafi wa mwili ni mojawapo ya sababu zinazotajwa.

Uangalie nini

Kidonda kisichopona, hata kama hakiumi. Kinyama kinachoota. Alama nyekundu yenye kung'aa, au nyeupe, au ngozi inayokuwa nene. Damu au usaha kutoka chini ya govi, na harufu mbaya. Govi ambalo zamani lilirudi nyuma na sasa limekataa. Uvimbe kwenye kinena.

Vingi kati ya hivi si kansa. Vinaweza kuwa kaswende, au ukungu wa ngozi, au malengelenge. Lakini huwezi kujua kwa macho, na kijana wa duka la dawa hawezi pia. Shika kipimo hiki: kidonda au alama iliyokaa zaidi ya wiki tatu, au iliyokataa kupona baada ya kumeza dawa uliyopewa, ionwe na daktari. Usinunue dawa ya pili.

Ukifika hospitali, daktari atapapasa uume na kinena. Halafu atakata kipande kidogo cha nyama, baada ya kukufanya ganzi, kipelekwe maabara. Watu wengi huogopa hapa, wakisema kansa ikiguswa na kisu husambaa. Si kweli. Bila kipande hicho hakuna mtu anayeweza kusema ni kansa au si kansa, na daktari anayetaka kukukata kiungo bila kupima kipande kwanza, mwulize kwa nini. Baadaye huenda ukapigwa picha za ndani ya mwili ili ijulikane ugonjwa umefika wapi.

Matibabu

Hapa ndipo wanaume huona giza. Mtu akisikia "kansa ya uume" anasikia "kukatwa", na akisikia "kukatwa" anaona afadhali afe. Basi tueleze vizuri.

Ikiwa alama iko juu ya ngozi tu, inaweza kutibiwa kwa dawa ya kupaka maalumu inayotolewa na daktari, au kuchomwa kwa miale ya leza. Ikiwa iko kwenye govi peke yake, kutahiriwa kunaweza kutosha. Kwa kansa ndogo ya kichwani, mpasuaji anaweza kuondoa sehemu iliyoharibika na kuacha kiungo, siku hizi wakiacha nafasi ya milimita chache tu kati ya kansa na nyama nzima; zamani walikuwa wakikata sentimita mbili zaidi. Wengine hutibiwa kwa mionzi. Ikiwa kansa ni kubwa, sehemu ya uume hukatwa, na mara nyingi kinachobaki kinatosha mtu kukojoa akiwa amesimama, na hata kuwa na mke wake. Kwa kansa iliyokawia sana, uume wote huondolewa. Njia ya mkojo huelekezwa chini, nyuma ya korodani, na mtu hukojoa akiwa amechuchumaa au ameketi.

Kukatwa uume si kuhasiwa. Kwa kawaida korodani hubaki, na korodani ndizo zinazotengeneza homoni ya kiume. Sauti haibadiliki, ndevu haziishi, nguvu za kulima hazipotei. Mzee atabaki baba wa nyumba yake. Lakini tusijifanye kwamba ni jambo jepesi. Mtu anaweza kukaa mwaka mzima na huzuni, akakataa kuja mkutanoni, akakataa hata kula na wenzake. Anahitaji mtu wa kuongea naye, na mke wake pia anahitaji. Ni vizuri mke aitwe aelezwe na daktari kabla ya upasuaji, bwana akikubali. Nyumba nyingi huvunjika kwa sababu ya kutoelezwa.

Sasa ile njia ya kinena. Tezi za kinena zikiwa na kansa, nazo lazima zitolewe kwa upasuaji mwingine, na baadaye miguu inaweza kuvimba kwa muda mrefu. Lakini mtoki wa kinena hauna maana kwamba kansa imefika. Wakati mwingine ni uchafu wa kidonda tu umeufanya uvimbe. Kwa hivyo daktari ataupima. Kansa ikiwa imeenea, kuna dawa kali zinazotiwa kwa mshipa, ambazo hutolewa kabla ya upasuaji au badala yake.

Na kupona je? Kwa takwimu za Marekani, ambako matibabu yako karibu, ugonjwa ukiwa bado uko kwenye uume peke yake, watu kama 8 katika 10 huwa hai baada ya miaka mitano. Ukiwa umefika tezi za kinena, karibu nusu. Ukiwa umefika mapafuni au mbali namna hiyo, kama 1 katika 10. Hakuna jambo lingine linaloamua kama hili la tezi za kinena: si umri, si utajiri. Wakati ambao Baba Wanjiru alikuwa akizunguka maduka ya dawa ndio wakati kansa ilikuwa ikitembea kutoka kwa uume kwenda kinena.

Kikundi kifanye nini

Kwa mtu wa Thika, mahali pa kuanzia ni Hospitali ya Thika Level 5, na kwa wa Ruiru ni hospitali ya pale Ruiru. Matibabu ya mionzi yanapatikana Kenyatta, na pia Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta iliyofunguliwa 2019 upande wa Kahawa, ambayo kwa mtu wa Ruiru ni karibu kuliko kwenda mjini Nairobi. Omba barua ya rufaa kabla ya kuondoka.

Juu ya pesa: NHIF haipo tena, tangu Oktoba 2024 ni SHA. Mwanachama ambaye hajajiandikisha na kulipa asingoje hadi awe mgonjwa. Na hata mwenye kadi aende ofisi ya SHA pale hospitali kabla ya matibabu kuanza, aulize kinacholipwa na kisicholipwa, kwa maana kuna kiwango cha mwaka, na mionzi ni ya kurudi rudi siku nyingi kwa wiki kadhaa. Nauli ya matatu na chakula cha njiani havilipwi na bima yoyote. Hapo ndipo mfuko wa dharura wa kikundi unapofaa. Mgonjwa akiacha mionzi katikati kwa kukosa nauli, matibabu yote yaliyotangulia yanaweza kupotea bure.

Lakini kuna shida: mtu ataombaje pesa za kikundi bila kusema ugonjwa? Tunapendekeza mkubaliane mapema, kabla hakuna mgonjwa, kwamba mwanachama anaweza kumweleza mwenyekiti au mweka hazina peke yake, akamwonyesha barua ya hospitali, na kwenye daftari iandikwe "matibabu" basi. Kikundi kinachodai kila mtu aelezwe kila kitu kitakuja kumzika mtu ambaye alitaka kusaidiwa. Vikundi vya akina mama pekee navyo vijue hivi, kwa kuwa mara nyingi ni mke anayegundua kwanza, kwa harufu au kwa nguo za kufua. Mama akiona hivyo asianze na ugomvi. Aweza kusema, "Baba Wanjiru, kama kuna kitu kinakusumbua, twende pamoja, mimi pia nataka kupimwa."

Baada ya matibabu mgonjwa hurudi kuangaliwa kama kila miezi mitatu kwa miaka miwili ya kwanza, halafu kila miezi sita mpaka mwaka wa tano, kwa sababu kansa ikirudi hurudi zaidi katika miaka hiyo ya kwanza. Kati ya ziara hizo ajipapase kinena mwenyewe mara moja kwa mwezi akiwa anaoga, pande zote mbili. Akihisi kitu kigumu ambacho hakikuwapo, asingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.